Simbilisi wanapigana na mmoja ana mimba: tazama mdomo kabla ya kidonda

Unaingia jikoni alfajiri kuwasha moto, na kabla hujapuliza makaa unaona manyoya yametapakaa karibu na mafiga. Wenzake wamejikusanya chini ya kabati kama kawaida yao. Yeye, yule jike mwenye tumbo, kajibanza peke yake nyuma ya gunia la mahindi, sikio lina damu iliyoganda. Kwetu nyanda za juu kusini, ambako baridi ya Juni na Julai huwafanya simbilisi walale jikoni pamoja nasi, asubuhi ya namna hii si ngeni. Wenzetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, ambao nao huwafuga jikoni, wanaijua vilevile.

Jicho litakimbilia damu. Nakuomba ulielekeze mdomoni kwanza: je, anatafuna? Kwa miaka niliyowafuga, sikio lililochanika halijaniulia hata mmoja. Niliyempoteza alikuwa jike aliyekaribia kuzaa, kang'atwa mgongoni, mahali padogo tu. Nilimhurumia nikamhamishia kwenye boksi, chumba kingine, peke yake, kimya na giza, nikamwekea majani mabichi ya kila aina. Hakuyagusa. Siku ya tatu alikufa na watoto wake tumboni, wakati kidonda kilikuwa kimeshakauka. Tangu hapo swali langu la kwanza limebadilika. Siulizi tena nani kamng'ata, nauliza mara ya mwisho kula ilikuwa lini.

Wanatishiana au wanapigana?

Kelele peke yake si vita. Dume anayeunguruma huku akitikisa makalio taratibu anatongoza. Jike mwenye mimba anayemrushia mkojo au kumpiga teke la nyuma anamkataa, na hilo ni haki yake. Kugonganisha meno kwa kasi, manyoya ya shingoni kusimama, kuinua vichwa na kupanua midomo wakionyeshana meno: hilo ni onyo. Bado usiingilie, ila sogeza taulo karibu.

Vita ni pale wanaporukiana na kuviringika wakawa mpira mmoja, na kilio kikakatika ghafla. Usitie mkono. Meno yao huzama sana kwenye kidole, na utakapoushtua mkono wako utamrusha mwenye mimba. Tupia taulo zito juu yao, kisha pitisha ungo au kizoleo cha taka katikati. Usiwamwagie maji, hasa msimu wa baridi.

Kuna hali ya tatu ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa ugomvi kwa sababu haina damu. Mwenye mimba anafukuzwa kila anaposogelea majani. Anasubiri wenzake washibe ndipo ale mabua yaliyobaki. Hii naiogopa kuliko sikio lililochanika, na sababu utaiona mbele.

Saa ya kwanza

Muondoe anayeshambulia, si anayeshambuliwa. Mwenye mimba abaki mahali anapopajua, penye harufu yake na joto lake. Ukilazimika kumhamisha yeye, mbebe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine umeshika makalio, tumbo lisibanwe wala kuning'inia. Usimminye kutafuta watoto wangapi. Kuminya tumbo kunaweza kuharibu mimba, na kujua idadi hakutakusaidia lolote saa hiyo.

Shika masikio yake. Yakiwa ya baridi, mwili umelegea na ufizi umepauka, huyo ana mshtuko: mpe joto kwanza, vidonda baadaye. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa iwekwe upande mmoja tu, ili aweze kuikimbia akitaka. Kwa anayefuga Dar es Salaam au Mombasa shida huwa kinyume chake. Simbilisi huanza kuzidiwa joto likipita nyuzi 28 hivi, na mwenye mimba huzidiwa mapema kuliko wengine, kwa hiyo yeye anahitaji kivuli na upepo.

Kisha mpime kwa mizani ya jikoni na uandike. Namba hiyo itakuambia ukweli siku zijazo, kwa maana uzito wa mwenye mimba unapaswa kupanda. Ukisimama karibu na kuzaa si neno. Ukishuka siku 2 mfululizo, kuna tatizo hata kama anaonekana mzima.

Nani anampiga, na kwa nini

Dume ndiye wa kwanza kuchunguzwa. Mimba ya simbilisi huchukua siku 59 hadi 72, na kadiri anavyokaribia kuzaa ndivyo dume anavyozidi kumsumbua. Ubaya mkubwa uko baada ya kuzaa: ndani ya saa chache tu jike yuko tayari kupandwa tena. Dume akiwa ndani atamkimbiza hajamaliza hata kulamba watoto, watoto watakanyagwa, na jike aliyejeruhiwa atabeba mimba nyingine juu ya maziwa. Kwa hiyo dume atoke mapema. Kama ulihesabu siku, mtoe ya 50. Kama hukuhesabu, mtoe unapoona tumbo limetanuka pande zote mbili na watoto wanacheza ndani. Kama ni madume 2 waliokuwa wakielewana, kuwapo kwa jike kunatosha kuwavurugia udugu wao, na jike hujeruhiwa akiwa katikati. Watoe wote. Wakishatoana damu, wasilale tena banda moja.

Halafu kuna "jike" ambaye si jike. Naomba usilipuuze hili hata kama aliyekuuzia aliapa. Nikiitwa kutazama majike wawili wanaopigana, mara nyingi nakuta mmoja ni dume kijana. Mgeuze: uwazi wa jike una umbo la herufi Y, wa dume ni kama nukta, na ukibonyeza taratibu juu yake uume unachomoza. Vidume vya wiki 3 tu vinaweza kumpa mama yao mimba. Ndiyo maana tunavitenga siku ya 21, havingoji kuonekana vikubwa.

Majike kwa majike hugombana kwa sababu ya vitu. Kificho kimoja, rundo moja la majani, chupa moja ya maji, na mwenye mimba anayetaka nafasi kuliko zamani. Hapa dawa ni rahisi na haina gharama: kila kitu kiwe viwili, vikae mbali, yule mbabe asiweze kulinda vyote. Na kila kificho kiwe na milango 2. Boksi lenye tundu moja ni mtego. Anayefukuzwa huingia, mbabe husimama mlangoni, na majeraha ya makalio huanzia hapo. Toboa upande wa pili leo hii.

Jike mpole aliyebadilika ghafla akawa mkali huenda anaumwa. Mwenye upele wa utitiri, wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi, huwashwa mpaka akaruka na kujing'ata, na akiguswa na mwenzake hupiga. Mwasho ukizidi anaweza hata kupata degedege, na mwenye mimba akaiharibu. Ukiona magamba, manyoya yanayong'oka na kilio anapoguswa, acha kutafuta mgomvi, tafuta daktari wa mifugo. Sindano anayo, ila kipimo kilichozoeleka kwa ng'ombe hakimfai mnyama wa nusu kilo, hivyo usijichomee mwenyewe.

Mgeni uliyemnunua mnadani asiingizwe kwenye kundi lenye mwenye mimba. Asubiri wazae na wakue.

Kidonda kimoja kimoja

Mkwaruzo na sikio lililochanika: osha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae sana, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka na kupoa. Inatosha. Usipake spiriti wala dawa kali inayotoa povu, zinachoma nyama hai. Mafuta ya mgando nayo huyaramba yakaishia tumboni.

Tundu la jino ndilo la kuogopa. Kwa nje ni kama alama ya pini, manyoya yameifunika, kumbe jino limeingiza uchafu ndani na ngozi imejifunga juu yake. Baada ya siku kadhaa unagusa uvimbe mgumu wenye joto: jipu. Kwa hiyo mpapase mwili mzima dhidi ya mwelekeo wa manyoya, makalio na mgongo hasa, kisha punguza manyoya kwa mkasi kuzunguka kila tundu. Lioshe asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi au kwa iodini ya vidonda iliyozimuliwa hadi ifanane na chai nyepesi, na gamba linapotaka kuziba mapema lilainishe kwa kitambaa cha uvuguvugu. Kidonda kifunge kutoka ndani kuja nje. Jipu likishatunga usilikamue. Usaha wa simbilisi ni mzito kama jibini na hautoki wote kwa kuminya, na purukushani yenyewe ni mzigo kwa mwenye mimba. Hilo lipasuliwe na daktari.

Nzi pia. Kidonda kilicho wazi au makalio yaliyolowa mkojo hutagiwa mayai siku hiyohiyo, na funza hula nyama hai. Mwenye tumbo kubwa hawezi kujisafisha nyuma. Mtazame mara 2 kwa siku, na takataka za chini wanazolalia zibadilishwe kila siku mpaka apone.

Jicho lililofumba, linalotoa machozi au lenye ukungu wa bluu limekwaruzwa. Lioshe kwa maji ya chumvi yaleyale na umwone daktari siku hiyo. Dawa ya macho iliyobaki ya binadamu usiitumie, kwani nyingine zina steroidi, ambazo huzuia jicho kupona na si salama kwa mimba.

Chuchu anazo 2 tu, hata akizaa watoto 4. Iliyong'atwa, ikawa nyekundu, ngumu na ya moto, ni jambo la daktari kabla hajazaa. Ikitokea baada ya kuzaa na kuna jike mwingine anayenyonyesha, waache watoto wamwendee. Simbilisi hunyonyesha hata wasio wao.

Manyoya kupungua ubavuni pande zote mbili kwa usawa, ngozi ikiwa safi, si ugomvi. Ni mimba iliyokomaa. Yaliyokatwa kama kwa mkasi yametafunwa na mwenzake aliyechoka kukaa bure au anayekosa majani makavu, ongeza majani.

Hana jeraha kubwa, lakini hali chakula

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Utumbo wa simbilisi hautakiwi kusimama. Kwa mwenye mimba kuna la zaidi: katika wiki 2 za mwisho, na hata wiki ya kwanza baada ya kuzaa, watoto wanamnyonya nguvu nyingi kuliko anavyoweza kuhifadhi. Akikosa chakula kwa muda mfupi tu, kwa hofu, kwa maumivu au kwa kufukuzwa majanini, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa pupa, ini linazidiwa, na damu inajaa sumu. Majike wanene na wenye watoto wengi tumboni hudondoka kwanza. Dalili ni hizi: amejikunja, manyoya yamesimama, hajali hata ukifungua jani la mchicha mbele yake, vinyesi vimekuwa vidogo au vimekoma. Pumzi inaweza kunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukifika kwenye mtetemeko, umechelewa. Hali hii huweza kuua kwa siku chache, na pengine bila onyo refu.

Ndiyo maana ugomvi usio na damu ni hatari kwake, na ndiyo maana boksi langu la giza lilimuua yule jike kwa uhakika kuliko jino la mwenzake.

Akikataa chakula kwa nusu siku, anza kumlisha mwenyewe huku ukitafuta daktari. Loweka punje za chakula cha sungura ziwe uji laini, au twanga majani mabichi na maji kidogo uchuje. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Liingize pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, toa matone machache, ngoja ameze. Kidogo kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku. Ukisukuma mengi kwa pamoja yataingia mapafuni. Maji yenye glukosi kidogo humsaidia njiani.

Vitamini C usiisahau, kwa sababu simbilisi hawezi kujitengenezea, kama sisi, na bila hiyo kidonda hakifungi. Mwenye mimba anahitaji kama miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Robo ya kidonge cha miligramu 100 inamtosha jike wa gramu 800. Kiponde kwenye uji wake, usikitie kwenye chupa ya maji maana nguvu yake hupotea upesi. Akirudi kula, kipande cha pera au pilipili hoho kila siku kinafanya kazi hiyohiyo.

Damu inatoka nyuma

Simbilisi hatoki damu ya mwezi. Damu mbichi sehemu za nyuma kabla ya siku za kuzaa ni dharura, iwe alipigwa au hakupigwa. Ila hakikisha ni damu: mkojo wao huweza kugeuka hudhurungi ukikaa kwenye takataka. Mweke juu ya kitambaa cheupe kisafi umngoje akojoe. Akiwa anasukuma kwa dakika 30 na hakuna mtoto aliyetoka, usivute, usisubiri hadi kesho. Uzazi wao kwa kawaida ni mwepesi, huisha ndani ya saa moja. Jike aliyepata mimba ya kwanza akiwa amepita miezi 6 au 7 ndiye wa kumwogopea zaidi, kwani mifupa yake ya nyonga huenda imeshakaza.

Dawa ambazo duka litakupa na usizitoe

Duka la dawa za mifugo limejaa dawa za ng'ombe na kuku, na muuzaji mwenye nia njema atakupa penisilini. Tafadhali kataa. Penisilini, amoksisilini, ampisilini, linkomisini, klindamisini na erithromisini huua vijidudu vyema vya utumbo wa simbilisi, vibaya vinachukua nafasi, anaharisha na kufa ndani ya siku chache huku kidonda kikiendelea kupona vizuri. Vidonge vya maumivu vya nyumbani navyo viache kabatini. Zipo antibiotiki anazozivumilia, lakini baadhi yake hazifai watoto walio tumboni, kwa hiyo mwambie daktari mambo mawili kabla hajafungua mkoba: huyu ni simbilisi, na ana mimba. Wengi wao hutibu ng'ombe na mbwa siku nzima. Kumkumbusha si kumdharau.

Kumtenga bila kumtupa

Tenga kwa wavu, si kwa ukuta. Wavu wa matundu ya nusu inchi, ili watoto wasipenye wala kunasa shingo, ugawe eneo lilelile la jikoni: yeye na rafiki yake mmoja mpole upande huu, wengine upande ule. Anawaona, anawanusa, anawasikia wakitafuna, naye hutafuna. Majani yawekwe pande zote mbili karibu na wavu ili wale wakitazamana. Mbali na jiko, moshi usimpige.

Gusa mifupa ya nyonga kwa wepesi, mbele kidogo ya uwazi wake. Ikiachana upana wa kidole, atazaa ndani ya siku 2 hivi. Hapo usimshike tena bila sababu. Watoto watazaliwa na manyoya, macho wazi, na siku chache tu utawakuta wakitafuna majani ya mama yao.

Kumrudisha kundini kungoje watoto wafikishe siku 21, vidume vitoke kwanza, na vidonda vya kila upande viwe vimefunga na manyoya kuanza kuota. Fagia sakafu, badilisha takataka zote, geuza vificho ili pasiwe na pa mtu. Weka rundo kubwa la majani katikati, waachie wote kwa pamoja mchana ukiwa nyumbani, ukae nao hadi jioni. Watanusana, watapandiana, meno yatagongana kidogo. Wakila rundo lile hadi likaisha bila mmoja kumwondoa mwenzake, kunja wavu uupandishe darini mahali utakapouona, maana mimba ijayo utauhitaji kabla ya siku ya 50.